Laisini: pima sahani kwanza, chupa baadaye

Haipiti wiki hapa kaunta bila mtu kuniwekea simu mbele ya macho, kioo kimejaa picha ya chupa. "Hii laisini mnayo? Mwauza ngapi?" Nikishamtajia bei ndipo lija swali ambalo lingetangulia: "Kwani yafanya nini hasa?"

Kazi yangu iko duka la dawa Malindi, kwetu ni Lamu, na maswali ni yale yale. Kijana wa jimu ataka misuli. Mama ana mtoto asiyekula. Mvuvi ana malengelenge ya mdomo yanayorudi kila akichomwa na jua la baharini. Binti ameacha nyama na samaki, na huko mtandaoni kaambiwa atakosa laisini. Nimejibu hadi koo limekauka. Sasa nimeandika, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Nikwambie mapema: chupa hizi nauza, na wengi wanaoziulizia hawazihitaji. Wanachokihitaji mama zao walikuwa wakikipika alfajiri, kwenye sufuria ya mbaazi.

Laisini ni nini, kwa kifupi

Ukila protini, tumbo na utumbo huivunjavunja ikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mwili hutumia aina 20 za vipande hivi kujenga protini zake wenyewe. Aina 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo, na laisini ni mojawapo. Mkemia wa Kijerumani Drechsel ndiye aliyeitenga mara ya kwanza, mwaka 1889, akiitoa kwenye kaseini, protini ya maziwa.

Kazi zake ni nyingi. Imo kwenye misuli. Imo kwenye kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, kano na mifupa na kufunga kidonda; ndani ya kolajeni laisini ndiyo inayofunganisha nyuzi moja na nyingine, na hapo huhitaji msaada wa vitamini C. Mwili pia huichukua laisini pamoja na methionini, asidi amino nyingine, ukatengeneza kanitini, inayobeba mafuta hadi mle ndani ya seli yanamochomwa. Tena husaidia utumbo kufyonza kalisiamu. (Hapo kwenye kanitini ndipo wauzaji wa mtandaoni wanapopata maneno ya "kuchoma kitambi". Anayekula vizuri kanitini anayo ya kutosha, na kumeza laisini zaidi hakuyeyushi tumbo la mtu.)

Nadharia ya kubeba ni moja tu: nafaka zina laisini kidogo, kunde na samaki wanayo tele. Mfikirie fundi wa mashua kule Matondoni. Ana mbao mia, misumari kumi. Misumari ikiisha, mashua imesimama, hata mbao zikijaa ufuo mzima. Ukila mahindi na ngano peke yake, laisini ndiyo msumari unaokwisha kwanza. Asidi amino nyingine zilizobaki mwili hauziweki ghalani, huzichoma kama kuni.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Uzito wako kwa kilo. Huna mizani? Pita duka lolote la dawa au zahanati upime.
- Karatasi na kalamu, na siku tatu za uaminifu.
- Kikombe cha robo lita.
- Orodha ya dawa unazotumia sasa, hata zile za mitishamba.
- Kama chupa ulishainunua, iweke mezani, usiifungue bado.
- Nusu kilo ya mbaazi kavu na nazi moja. Utaona za nini.

Hatua ya 1: Jua kiasi chako cha siku

Shirika la Afya Duniani na wenzake waliweka kiwango cha mtu mzima kuwa miligramu 30 za laisini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Zidisha uzito wako mara 30. Mtu wa kilo 60 apata 1,800. Wa kilo 70 apata 2,100.

Watoto wanakua, kwa hiyo kwa kila kilo wanahitaji zaidi: wa mwaka 1 hadi 2 ni miligramu 45, wa miaka 3 hadi 10 ni 35. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 anahitaji 450 kwa siku.

Kosa la hatua hii ni kudhani kwamba ukizidisha ndiyo bora. Laisini inayozidi mahitaji huvunjwa, na naitrojeni yake ikatoka kwenye mkojo. Umelipia mkojo.

Hatua ya 2: Andika ulichokula kwa siku tatu

Andika papo hapo, usingoje usiku. Moja kati ya siku hizo iwe Ijumaa, maana sahani ya Ijumaa na sahani ya Jumatatu ni watu wawili tofauti. Andika na kile cha njiani: bajia, viazi vya karai, kaimati, mkate wa chai ya saa nne. Andika vipimo vya kawaida tu, kama mahamri matatu, ugali wa sahani kubwa au bakuli moja la maharagwe.

Kosa ninaloliona sana: mtu huandika chakula cha kumpendezea daktari. Mzee mmoja aliniletea karatasi iliyojaa samaki asubuhi na jioni. Nikamuuliza, "Ami, na miezi ya kusi hii, bahari imechafuka, samaki huyu wampata kwa bei gani?" Akacheka, akaigeuza karatasi, akaanza upya: chai, mkate, ugali, mchicha.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Hizi ni takriban, zimekadiriwa ili zikae kichwani. Zote ni miligramu za laisini.

- Samaki aliyepikwa, gramu 100 (kipande cha kiganja): karibu 2,000. Changu, tasi, kolekole na jodari hawapishani kwa kiasi cha kukusumbua.
- Mbaazi zilizopikwa, gramu 200 (bakuli la kawaida): 900 hivi.
- Kunde au pojo, bakuli kama hilo: 950 hadi 1,000.
- Maharagwe, bakuli kama hilo: 1,100 hadi 1,200.
- Maziwa, kikombe cha robo lita: 650.
- Yai moja: 450.
- Karanga au korosho, konzi moja ya gramu 30: 280.
- Unga wa mahindi, gramu 100 kabla ya kupikwa: 250.
- Unga mweupe wa ngano, gramu 100: 230.
- Wali, gramu 100 uliokwisha kupikwa: 100.
- Sukuma au mchicha, fungu la mtu mmoja: 150.

Tui la nazi usilitie kwenye hesabu. Utamu wake sina neno nao, lakini protini yake ni haba.

Sasa mfano. Fundi mwashi, kilo 60, anahitaji 1,800. Asubuhi ameshuka na chai ya maziwa na mahamri matatu: unga wa mahamri ni kama gramu 75, hiyo ni 170, na yale maziwa ya kwenye chai tumpe 150. Mchana ugali mkubwa wa gramu 200 za unga: 500. Sukuma: 150. Usiku chapati mbili na chai ya rangi: 270. Jumla 1,240. Ameshiba mara tatu, hana njaa hata kidogo, na bado amepungukiwa na zaidi ya 500. Na hapo nimemhurumia, kwa sababu protini ya nafaka haisagiki tumboni yote kama ya samaki au yai.

Mbadilishie kimoja tu: asubuhi mahamri yale yale, na bakuli la mbaazi kando. Amefika 2,140. Vidonge hajameza hata kimoja.

Nataka uone hapo ni nini kilichotokea. Ngano ina uhaba wa laisini, mbaazi wanayo. Mbaazi zina uhaba wa methionini, ngano inayo ya kutosha. Walioanza kula mahamri kwa mbaazi hapa pwani hawakuwa na maabara, lakini ukiiweka sahani ile mbele ya mtu wa lishe hana la kuongeza. Wali kwa kunde na ugali kwa maharagwe ni mlango uo huo. Wala si lazima viliwe kwenye sahani moja; mbaazi za asubuhi na ugali wa jioni vinakutana ndani ya siku.

Swali la pembeni linaloulizwa kila mara: "Unga wa pakiti si umeongezwa virutubisho?" Umeongezwa, ndiyo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe vitamini na madini kama chuma na zinki. Laisini haimo. Mahindi yenye laisini nyingi yapo duniani: mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walieleza aina iitwayo opaque-2, ila punje zake zilikuwa laini, zikaliwa na wadudu, wakulima wakazikataa. Surinder Vasal na Evangelina Villegas walikaa miaka mingi Mexico wakiyarekebisha hadi yakawa magumu kama ya kawaida, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Lakini ukienda dukani ukaomba unga tu, utapewa ule wa kawaida.

Hatua ya 4: Ziba pengo kwa sufuria

Kama hesabu yako imetosha siku zote tatu, ruka hadi hatua ya 6. Kama imepungua, anza hapa. Nusu kilo ya mbaazi kavu ina zaidi ya miligramu 7,000 za laisini. Ni sawa na vidonge vinane au tisa vya ile chupa uliyonionyesha, na nyumba ya watu sita imekula.

1. Chagua mbaazi kwenye ungo, toa mawe na zilizotobolewa. Osha, loweka usiku kucha kwa maji yanayozifunika vidole vinne. Kama ni mbaazi mbichi za msimu, hakuna kuloweka.
2. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya, injika. Zikichemka toa povu, punguza moto. Chumvi bado.
3. Wakati zinachemka kuna nazi kwenye mbuzi. Tia kikombe cha maji ya uvuguvugu, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo la kwanza ni kasimile, liweke kando. Kamua tena mara mbili upate tui jepesi.
4. Chukua mbaazi moja, ibinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipondeka yote bila kuacha kiini kigumu, imeiva. Kiini kikibaki, rudisha kifuniko.
5. Tia tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, bizari ya manjano kidogo, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa na chumvi. Acha zinywe tui mpaka lianze kushikana.
6. Maliza kwa kasimile. Moto mdogo, usifunike, koroga upande mmoja polepole. Moto ukiwa mkali tui litakatika, utaona mafuta yameelea na maji yamebaki chini. Bado linalika, lakini mkwe usimwekee.

Asiye na muda wa mbaazi apike pojo, haziulizi kulowekwa na huiva upesi. Mwenye uwezo aongeze yai au kipande cha samaki. Dagaa wakavu na ng'onda, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi, pia wamo. Shida ya ng'onda ni chumvi, mwenye presha amloweke na kumwaga maji mara mbili au amwache.

Kwa mtoto, uji mtupu wa mahindi ndio ninaougombeza kuliko vyote. Gramu 50 za unga zampa 125 tu, na yeye ataka 450, na tumbo lake ni dogo halichukui bakuli nne. Maziwa ya mama anayonyonya yanajaza sehemu. Uji wake utie maziwa, au yai lililopikwa likaiva na kupondwa, au mpe mbaazi zilizopondwa zikawa laini kama uji. Asubuhi ile ile, bakuli lile lile.

Hatua ya 5: Usiiharibu ukiwa jikoni

Laisini ina tabia ya kushikana na sukari panapokuwa na moto mkavu. Ile rangi ya hudhurungi ya mkate uliochomwa na ya gamba la hamri ndiyo alama yake, na laisini iliyokwisha shikana hivyo mwili hauipati tena. Hasara yenyewe ni ndogo na hamri jeupe nani atalila, kwa hiyo usiache kukaanga, ila usiunguze.

Magadi ndiyo ya kuangalia. Wengine hutia kijiko kizima ili maharagwe yaive upesi. Magadi na moto mrefu huharibu sehemu ya laisini na vitamini B1, na sufuria ikanuka sabuni. Kuloweka kwafanya kazi hiyo bila hasara.

Hatua ya 6: Amua kama chupa inahitajika

Soma mahali palipo na jina lako.

*Wewe wa jimu.* Laisini peke yake haijengi misuli. Misuli yataka asidi amino zote 9 kwa pamoja, na hizo ziko kwenye samaki, mayai, maziwa, maharagwe. Pesa ya chupa inunue trei ya mayai.

*Wewe wa malengelenge ya mdomo.* Hapa ndipo penye hadithi ndefu. Malengelenge yale huletwa na kirusi cha hapesi, ambacho kikishaingia hujificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, kikiamshwa na homa, jua au uchovu. Kwenye maabara kirusi hicho kinahitaji asidi amino nyingine, ajinini, na laisini hushindana nayo. Ndipo watu wakaanza kumeza laisini na kukimbia karanga na korosho, zenye ajinini nyingi. Majaribio kwa watu yametoa majibu yanayopingana, mengi yakiwa na watu wachache, na mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima majaribio ya tiba, kuhusu kuzuia malengelenge haya hayakupata ushahidi kwamba laisini inayazuia. Kuna wateja wanaoapa inawasaidia, siwezi kuwapokonya. Lakini dawa yenye ushahidi ni asaikloviri, na hufaa zaidi ukiianza pale mdomo unapowasha, kabla lengelenge halijajaa maji. Na mvuvi wangu, vaa kofia pana na upake mafuta ya midomo ya kuzuia jua. Korosho zako kula.

*Mama wa mtoto asiyekula.* Kabla ya yote geuza chupa ya sirapu usome nyuma. Nyingi zinazoitwa za laisini za kuongeza hamu ya kula zina kitu cha pili: siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio inayoleta usingizi na njaa, na ndiyo inayomfanya mtoto ale, laisini imepewa sifa ya bure. Si ya kumpa mtoto bila daktari, na wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Mtoto asiyekula apimwe kwanza minyoo, malaria, upungufu wa damu na uzito wake.

*Wewe uliyeacha nyama na samaki.* Ukila kunde, mbaazi, pojo au maharagwe kila siku, huna shida. Anayeacha samaki akabaki na mkate, chipsi na wali kwa mchuzi wa nyanya, huyo ndiye mwenye pengo, na dawa yake ni hatua ya 4.

Hatua ya 7: Kama umeamua kuitumia

Kwanza, uliza. Usianze bila daktari kama una ugonjwa wa figo au ini, una mimba au unanyonyesha, unatumia vidonge vya kalisiamu, au kama ni ya mtoto. Wapo pia watu wachache waliozaliwa na maradhi ambayo mwili hauimudu laisini. Hao wanajulikana hospitali na hawaigusi.

Pili, soma lebo. Nyingi zimeandikwa L-lysine HCl, maana yake laisini imefungwa na asidi ya hidrokloriki ili ikae kama unga mkavu. Kidonge cha miligramu 1,000 za mchanganyiko huo kina laisini 800 hivi, nyingine ni uzito wa hiyo asidi. Si udanganyifu, ni kemia, lakini ujue unaponunua. Angalia tarehe ya mwisho, muhuri wa kifuniko, na kama kuna kitu kingine kimechanganywa. Unga wa laisini wa chakula cha kuku usiulete jikoni, hata ukiambiwa ni kitu kimoja. Ni kweli ya kuku na ya watu zote hutengenezwa kwa kuchachusha sukari na bakteria, na nyingi inayotengenezwa duniani ni ya mifugo. Usafi wake ndio tofauti.

Tatu, kiasi. Majaribio mengi ya malengelenge yalitumia gramu 1 hadi 3 kwa siku. Anza na 500 au 1,000, baada ya chakula, na maji glasi nzima. Usivuke gramu 3 kwa uamuzi wako mwenyewe.

Hili la "baada ya chakula" nalijua kwa mwili wangu. Nilipoanza kazi mdomo wangu uliota malengelenge wiki ya mitihani, nami nikajiona mjuzi. Nikameza vidonge vitatu vya 1,000 kwa mpigo, tumbo tupu, saa moja asubuhi. Saa mbili nilikuwa nimemwachia mwenzangu kaunta na funguo, nakimbilia choo, na wateja watano wamepanga foleni wakinitazama. Malengelenge yalikaa siku zile zile yanazokaa siku zote.

Nne, weka mwisho. Andika tarehe ya kuanza na dalili uliyokuwa nayo. Chupa ikiisha na hujaona tofauti, usinunue ya pili.

Yakikwama

*Mbaazi zimechemka saa mbili na haziivi.* Ama ni za zamani, zimekaa gunia misimu miwili, ama ni maji. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hukaza gamba. Ukipata maji ya mvua, ya jabia au ya tangi, tumia hayo. Chumvi tia mwisho.

*Tumbo lajaa gesi.* Mwaga maji ya kulowekea, anza na nusu bakuli, ongeza kidogo kidogo ndani ya wiki mbili. Utumbo huzoea. Pojo huwa na upole zaidi.

*Mume hali mbaazi, asema ni chakula cha asubuhi tu.* Pika kunde za nazi kwa wali jioni. Hataona kitu.

*Vidonge vyaleta kichefuchefu au kuharisha.* Punguza kiasi, gawa mara mbili kwa siku, meza na chakula. Ikiendelea, acha. Mkojo ukipungua au miguu ikivimba, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali.

*Nimeshiba laisini, bado nachoka.* Basi si laisini. Uchovu una milango mingi, na hapa pwani mimi huanza na kipimo cha damu na cha malaria. Mara nyingi ni upungufu wa chuma.

*Kidonda cha mdomo kimezidi siku kumi na nne, au malengelenge yamekaribia jicho, au una ugonjwa unaoshusha kinga.* Usije kaunta kwangu. Nenda kwa daktari, na la jicho nenda leo.

*Chupa nimeshainunua na hesabu yangu imetosha.* Kama hujaikata muhuri, muulize aliyekuuzia kama atairudisha. Wengi hukataa dawa ikishatoka mlangoni, nami ni mmoja wao. Iweke pakavu, mbali na watoto, na usimgawie jirani mwenye maradhi ya figo kwa wema. Jioni hii loweka mbaazi.